Muhammed Said Abdulla: Mtunzi aliyechagua fumbo badala ya mahubiri

KILA kijana anayetamani kuwa mtunzi wa riwaya, awe Masasi, Newala, Tanga au Unguja, hukutana na swali moja kabla hajaandika ukurasa wa kwanza: aandike vitabu vya namna gani? Aandike hadithi za mapenzi ambazo watu watazisoma upesi na kuziazimana? Aandike vitabu vya mafunzo vitakavyosifiwa na walimu? Au atafute njia yake mwenyewe ambayo hakuna aliyempitisha?

Swali hilo lilimkabili Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, katika miaka ya 1950, wakati ambapo riwaya za Kiswahili zilikuwa bado za kuhesabika kwa vidole. Jibu alilolitoa lilimfanya atambulike kuwa baba wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili, na likafungua mlango ambao watunzi wengi wa riwaya pendwa, zikiwamo za mapenzi, wamepita baada yake.

Abdulla alifariki dunia mwaka 1991. Hata hivyo, shujaa wake, Bwana Msa, mtu mpole mwenye kiko mdomoni na akili isiyolala, bado anakumbukwa na wasomaji wengi ambao pengine wamekwisha kulisahau jina la aliyemuumba.

Kutoka Makunduchi hadi chumba cha habari

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Aprili 25, 1918, katika kijiji cha Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Alilelewa katika dini ya Kiislamu, lakini elimu yake aliipata katika shule ya wamisionari. Alihitimu masomo yake mwaka 1938 na kuajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya ya Zanzibar.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi. Ukaguzi wa afya ni kazi ya kuingia katika nyua na vyumba vya watu, kuuliza maswali, na kuona yale ambayo mpita njia hayaoni. Kwa mtu ambaye baadaye angeandika habari za majumba yenye siri, hapana shaka hiyo haikuwa shule mbaya.

Mwaka 1948 aliiacha kazi ya serikali na kuingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa magazeti ya Al-Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Anayeifahamu historia ya Zanzibar atatambua uzito wa orodha hiyo. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwashitaki viongozi wa jumuiya hiyo kwa uchochezi kutokana na makala zilizochapishwa humo. Afrika Kwetu, kwa upande wake, lilikuwa sauti ya Waafrika waliokuwa upande wa pili wa mvutano wa siasa za visiwa hivyo. Mwandishi mmoja kufanya kazi katika magazeti ya pande hizo mbili maana yake ni kuzisikia hoja za kila kambi kwa karibu, na kuyajua manung'uniko ya kila nyumba.

Kwa hiyo, kama kungekuwa na mtu aliyekuwa na malighafi ya kutosha kuandika riwaya ya siasa, alikuwa yeye. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika Julai 1957, na mji ulikuwa umegawanyika kuanzia misikitini hadi madukani. Katika kipindi hicho hicho Abdulla aliandika kitabu, lakini hakikuwa cha siasa. Kilikuwa kitabu cha mtu aliyeuawa, na cha mtu mwingine aliyeketi akavuta kiko chake na kufikiri.

Njia zilizokuwapo

Ili kuuelewa uamuzi huo, ni vyema kutazama ni vitabu gani msomaji wa Kiswahili alikuwa navyo wakati huo.

Kulikuwa na tafsiri. Mwaka 1929 zilitoka tafsiri mbili za Frederick Johnson zilizosomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi, Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Zilikuwa hadithi za kusisimua, lakini mashujaa wake walikuwa Waingereza, na Mwafrika alipotokea humo mara nyingi alikuwa mpagazi au mfuasi.

Kulikuwa na historia iliyosimuliwa kama hadithi. James Mbotela, wa kizazi cha watumwa walioachiwa huru huko Freretown, Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934.

Kisha alikuwapo Shaaban Robert, ambaye kivuli chake kilimfunika kila aliyeshika kalamu. Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka uliofuata. Riwaya zake ziliwekwa katika nchi za kufikirika, na wahusika wake walipewa majina yaliyotangaza tabia zao. Lengo lilikuwa kumwadilisha msomaji. Kwa mtunzi chipukizi wa miaka ya 1950, njia ya heshima ilikuwa hiyo: kuandika kwa ajili ya maadili.

Abdulla hakuifuata. Mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili yaliyoendeshwa mwaka 1957 na 1958 na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, yalimpa nafasi ya kujaribu jambo jipya. Alipeleka Mzimu wa Watu wa Kale, akashinda zawadi ya kwanza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960.

Mwaka huo huo shirika hilo lilichapisha Kurwa na Doto cha Muhammad Saleh Farsy, Mzanzibari mwenzake, kinachoeleza maisha na mila za kijiji cha Unguja. Vitabu hivyo viwili vilitoka katika kisiwa kimoja, kwa lugha moja, lakini kila kimoja kilishika njia yake. Farsy alimwonyesha msomaji jinsi watu wanavyoishi. Abdulla alimwuliza msomaji ni nani miongoni mwao anayesema uongo.

Bwana Msa na kiko chake

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, mtu mwenye mali anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Kwa wanakijiji wengi jibu lipo wazi: mizimu imekasirika. Bwana Msa anakataa jibu hilo. Kwake, mkono ulioua ni mkono wa binadamu, na binadamu huacha alama.

Mara nyingi wahakiki wamemlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, mpelelezi aliyeumbwa na daktari wa Kiskoti Arthur Conan Doyle na kutokea kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Ulinganisho huo una msingi. Bwana Msa anavuta kiko kama Holmes, si askari wa serikali, na ana rafiki aitwaye Najum ambaye huuliza yale ambayo msomaji angependa kuuliza, na hukosea pale ambapo msomaji naye angekosea. Polisi wapo pia, akiwamo Inspekta Seif, lakini fumbo huwashinda hadi Bwana Msa atakapolifumbua.

Hata jina la mpelelezi huyo lilikuwa fumbo dogo. Herufi za kwanza za jina la mtunzi, yaani M, S na A, zikisomwa pamoja hutoa jina la shujaa wake.

Lakini alichoazima Abdulla kutoka Uingereza kilikuwa mtungi tu. Maji aliyateka nyumbani. Fumbo lake halikuzaliwa katika ukungu wa London bali katika mashamba ya mikarafuu, baraza za mji, urithi uliogombewa, ndoa zilizofichwa na uvumi wa majirani. Aidha, Bwana Msa hakutegemea bunduki wala ngumi. Silaha yake ilikuwa mazungumzo, na humo ndani msomaji alikutana na methali, mizaha na vijembe vya Kiunguja katika ubora wake.

Jambo la kutazamwa zaidi ni kwamba mtunzi hakuacha kufunza. Alibadili namna ya kufunza. Kitabu kinachoonyesha kuwa mauaji yaliyosingiziwa mizimu ni kazi ya mtu mwenye tamaa kimesema jambo zito kuhusu akili na ushirikina, bila kusimama mimbarani.

Msomaji wa Unguja na msomaji wa Newala

Mwaka 1958 Abdulla alikabidhiwa uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo la Tanganyika. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1968. Kwa miaka kumi mtu aliyezoea magazeti ya siasa za mjini alihariri gazeti lililokusudiwa wakulima wa nchi nzima: wa pamba Usukuma, wa kahawa Kilimanjaro, wa mihogo na korosho katika uwanda wa Makonde.

Mwandishi wa gazeti la namna hiyo hawezi kuandika kwa ajili ya mtaa wake peke yake. Msomaji wa Newala anaongea Kimakonde nyumbani. Wa Masasi huenda anaongea Kiyao, Kimakua au Kimakonde. Wote wanakutana na mwandishi katika Kiswahili, na wote watakiacha kitabu chini iwapo hakieleweki.

Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa Kiswahili cha Unguja hakikuwa kigeni katika sehemu hizo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Zanzibar akiwa na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, akawapeleka bara, nao wakafanya makazi Masasi. Steere huyo ndiye aliyekwisha kuchapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja pamoja na mkusanyo wa ngano alizozisikia huko. Baada ya Masasi kushambuliwa na Wangoni mwaka 1882, misheni ilihamishia shughuli zake Newala, kwa mtawala Matola. Hivyo lugha ya Unguja iliyoandikwa ilifika Masasi na Newala takriban nusu karne kabla ya wakoloni kuikubali rasmi, mwishoni mwa miaka ya 1920, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki.

Kwa hiyo riwaya za Abdulla zilikuwa na sifa mbili zilizokwenda pamoja. Zilikuwa za Unguja kwa mahali na kwa ladha ya lugha, lakini ziliweza kusomwa na mtu asiyewahi kuvuka bahari. Siri ya nyumba, wivu wa ndoa na ugomvi wa urithi havihitaji mkalimani, kwani vipo Makunduchi na vipo Newala.

Vitabu vinne katika miaka minne

Baada ya kitabu cha mwaka 1960, wasomaji walisubiri miaka minane. Katika kipindi hicho Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 12, 1964, na Muungano ukafuata Aprili 26 mwaka huo huo. Abdulla alikuwa akihariri Mkulima.

Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968, mwaka aliostaafu. Jina lake limetokana na Giningi, mahali panaposimuliwa katika visa vya Unguja kuwa makutano ya wachawi. Kwa mara nyingine mtunzi aliuchukua ulimwengu wa hofu na kuuweka mbele ya akili ya Bwana Msa.

Kisha mvua ikanyesha. Duniani Kuna Watu kilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Mtunzi aliyetoa kitabu kimoja katika miaka ya ajira yake ya uhariri alitoa vinne katika miaka minne, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50.

Wakati ulimkubali. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliipunguza idadi hiyo kwa kasi, na kila msomaji mpya alihitaji kitabu cha kusoma baada ya kumaliza kile cha darasani.

Ni katika vitabu hivyo vya baadaye ambapo mabadiliko ya mtunzi yanaonekana. Katika kitabu cha kwanza swali lilikuwa nani ameua. Kadiri miaka ilivyosonga, swali lilihamia kwingine: nani ni mzazi wa nani, nani alimpenda nani kwa siri, na ni ndoa gani isingefungwa kama ukweli ungejulikana mapema. Jina la Mke Mmoja Waume Watatu lenyewe linataja jambo ambalo sheria ya dini na mila za Unguja hazilikubali, na hilo pekee lilitosha kumfanya msomaji afungue ukurasa wa kwanza.

Kwa maneno mengine, mtunzi wa upelelezi aliikaribia riwaya ya mapenzi kwa kupitia mlango wa nyuma. Hakuandika juu ya wapendanao wanaoangaliana machoni na kusifiana. Aliandika juu ya gharama ya mapenzi yaliyofichwa, na jinsi mtoto anavyoweza kuja kulipa deni la wazazi wake bila kulijua.

Lawama na thamani yake

Uchaguzi huo haukupita bila kulipiwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, waandishi walitarajiwa kuitumikia jamii kwa uwazi. J. K. Kiimbila alitoa Ubeberu Utashindwa mwaka 1971, kuhusu mapambano ya ukombozi wa Msumbiji. Mwaka huo huo Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, riwaya iliyozungumzia mapenzi, malezi na maangamizi ya msichana kwa ukweli uliowashtua wengi, nayo ikazuiwa mashuleni kwa muda.

Ukilinganisha na vitabu hivyo, riwaya za Bwana Msa zilionekana kuwa za kupitishia wakati. Wahakiki walieleza kuwa sadfa zimezidi ndani yake, kwamba mafumbo mengine hufumbuliwa na bahati kuliko mantiki, na kwamba mtunzi aliuandika ulimwengu wa Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi, wa wenye mashamba na watumishi wao, bila kuuhoji vya kutosha.

Lawama hizo si za kupuuzwa. Mtu aliyefanya kazi katika magazeti ya pande zote mbili za siasa za Zanzibar alijua mengi kuliko aliyoyaandika, na msomaji wa leo anayo haki ya kuuona ukimya huo.

Hata hivyo, mizani ina pande mbili. Kabla ya Mzimu wa Watu wa Kale, msomaji wa Kiswahili aliyetaka hadithi ya kumkosesha usingizi alilazimika kumfuata shujaa wa Kizungu katika kisiwa cha hazina. Baada yake, alimpata mtu anayezungumza kama mjomba wake, anayekaa barazani, na ambaye akili yake haikuazimwa kwa mtu yeyote.

Waliomfuata hawakumwiga kwa kila jambo. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965 na kulipeleka fumbo katika mitaa ya mji. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, jasusi mwenye bastola anayepambana na maadui wa Afrika. Ben Mtobwa alimwumba Joram Kiango na kuziuza riwaya zake katika miaka ya 1980. Mashujaa hao walikuwa vijana, wapiganaji na wapenzi wa wanawake wazuri. Bwana Msa hakuwa hata kimoja kati ya hivyo. Lakini aliyethibitisha kuwa Mswahili atasoma hadithi ya kubuni kwa ajili ya raha yake mwenyewe alikuwa mzee wa Makunduchi.

Kosa la mwisho

Baada ya mwaka 1976 palikuwa na ukimya mwingine wa miaka minane. Mwaka 1984 kilitoka kitabu chake cha mwisho kinachojulikana, Kosa la Bwana Msa. Ni jina la kushangaza kwa mtunzi aliyemjenga shujaa asiyeshindwa kwa zaidi ya robo karne. Wapo watunzi ambao hawathubutu kulitaja neno kosa karibu na jina la shujaa wao. Abdulla aliliweka juu ya jalada.

Alifariki mwaka 1991, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 na riwaya saba nyuma yake. Saba si nyingi kwa mtu aliyeishi na kalamu kwa zaidi ya miaka 40. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa ili kumpendeza mkaguzi wa elimu au mkuu wa chama, na zote zilimtaka msomaji afikiri kabla ya kuambiwa jibu.

Kwa kijana wa Masasi au Newala anayepima leo iwapo aandike mapenzi, upelelezi au mafunzo, maisha ya Muhammed Said Abdulla hayatoi amri. Yanaonyesha tu kuwa aina ya kitabu si lazima ichaguliwe mara moja kwa maisha yote, kwa kuwa yeye alianza na maiti mzimuni na kumalizia na siri za ndoa na uzazi. Yanaonyesha pia kuwa umbo la hadithi linaweza kuazimwa mbali, lakini watu wake, lugha yake na hofu zake sharti zitoke pale mtunzi anapopajua. Makunduchi ilimtosha yeye. Uwanda wa Makonde, wenye korosho zake, shida yake ya maji na visa vyake ambavyo bado havijaandikwa, unaweza kumtosha mwingine.